"Harrier Haifi": Uhakiki wa Sifa Inayouza Magari

Ukitafuta gari la mtumba Dar es Salaam, hutakosa mtu wa kukwambia: "Chukua Harrier, hiyo gari haifi." Na ushahidi atakuwa nao. Kuna jirani yake ana ya mwaka 2004, kila Desemba inapakia familia nzima kwenda Moshi na inarudi salama. Kuna bosi wake anayo tangu ikiwa namba B. Basi yameisha, la kujadili tena ni bei.

Sentensi hiyo fupi inafanya kazi kubwa. Inapandisha bei, inamtuliza mtu anayekwenda kukopa SACCOS, na inamfanya mnunuzi asiulize maswali ambayo bila shaka angeuliza kama angekuwa ananunua Range Rover. Kwa hiyo tuihakiki kama tunavyohakiki matokeo ya utafiti wowote: imepimwaje, imepimwa kwa magari gani, na je, inakuhusu wewe mnunuzi wa pili, wa tatu au wa nne?

Tuanze na jibu kabisa. Sifa ya Harrier haikutoka hewani. Ila kwa sehemu kubwa ni sifa ya gari jipya, mikononi mwa mmiliki wa kwanza, kwenye barabara nzuri na huduma ya wakati. Wewe hununui hilo. Wewe unanunua miaka iliyobaki, na miaka iliyobaki ina hesabu yake.

Tunazungumzia Harrier ipi?

Toyota iliitoa Harrier Japani mwishoni mwa 1997. Tangazo lake la Kijapani lilikuwa na mtu mwenye kichwa cha simba aliyevaa suti ya usiku, pamoja na maneno ya Kiingereza "Wild but Formal", yaani mwituni lakini nadhifu. Tangazo lilisema kweli kuhusu gari lenyewe. Juu lilikuwa na sura ya gari la porini, chini lilijengwa juu ya msingi wa Camry, gari la kawaida la familia. Nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Lexus RX 300. Kizazi cha pili kilikuja 2003 na kiliendelea kuwa ndugu wa damu wa Lexus RX.

Kizazi cha tatu, cha mwishoni mwa 2013, ile ambayo mitaani tunaiita Anaconda, ni habari nyingine. Wakati huo Lexus ilishaanza kuuza RX yake yenyewe Japani, na Harrier ikaachana nayo. Ikapata msingi mdogo zaidi wa ukoo wa RAV4, injini ya lita 2.0, na kwenye matoleo mengi ya petroli giaboksi ya CVT, inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma badala ya gia za kuhesabika. Kizazi cha nne kikaja 2020.

Angalia kilichotokea hapo. Injini imebadilika, giaboksi imebadilika, msingi umebadilika, lakini neno "haifi" limebaki palepale. Mtu anakuuzia Anaconda kwa ushahidi wa gari la bosi wake la 2004. Kwenye maabara yoyote ukipima sampuli moja ukatoa hitimisho kuhusu sampuli nyingine, msimamizi wako atakurudishia kazi. Sokoni inapita bila swali.

Orodha za Marekani zinapima nini?

Mtetezi wa Harrier aliyesoma kidogo ataleta takwimu. Atasema Lexus imekaa juu kwenye orodha za uimara Marekani kwa miaka mingi, na hilo ni kweli. Orodha inayotajwa sana ni ya J.D. Power. Wanahesabu matatizo kwa kila magari 100 ndani ya miezi 12 iliyopita, na wanaoulizwa ni wamiliki wa kwanza wa magari yenye umri wa miaka 3.

Rudia kusoma: wamiliki wa kwanza, miaka 3. Gari linaloshuka bandarini Dar mara nyingi limeshapita umri huo mara tatu au nne. Isitoshe, kipimo kinahesabu idadi ya matatizo na hakipimi uzito wake. Redio inayogoma kushikana na simu ni tatizo moja, giaboksi iliyokufa nayo ni tatizo moja. Kwa Mmarekani mwenye gari lililo bado ndani ya dhamana, huenda redio ndiyo inayomkera zaidi. Kwako wewe, giaboksi ni mishahara ya miezi kadhaa.

Kipimo kinachotufaa zaidi ni kama kile cha TÜV cha Ujerumani, kinachotokana na ukaguzi wa lazima wa magari barabarani na kupanga matokeo kwa makundi ya umri. Ukipitia ripoti zao utaona mwelekeo mmoja: kadiri umri unavyopanda, ndivyo sehemu ya magari yanayokutwa na kasoro kubwa inavyopanda. Hakuna chapa inayosamehewa. Tofauti kati ya magari mazuri na mabaya ipo, lakini umri unamgusa kila mmoja.

Beseni, na wale walionusurika

Wahandisi wana mchoro mmoja maarufu unaofanana na beseni lililokatwa katikati. Mwanzoni mwa maisha ya mashine hitilafu ni nyingi kidogo, kwa sababu kasoro za kiwandani zinajitokeza. Kisha kinakuja kipindi kirefu cha utulivu, ambapo kinachoharibika kinaharibika kwa bahati tu. Mwishoni ukingo unapanda tena: mipira inakauka, bushi zinalegea, sili zinavuja, nyaya zinachakaa. Mmiliki wa kwanza Japani anaishi kwenye sakafu ya beseni. Sisi tunanunua pale ukingo unapoanza kupanda, halafu tunashangaa mbona gari "halikuwa hivi".

Tufanye hesabu ya kubuni ili jambo likae vizuri kichwani. Chukua magari 100 mapya. Tuseme 90 yanafikisha miaka 10 bila kuharibika vibaya, na kati ya hayo 90, ni 45 tu yanayofikisha miaka 20. Muuzaji atakwambia gari hili lina uimara wa asilimia 90, na hatakuwa amedanganya. Lakini wewe unalinunua likiwa na miaka 10. Swali lako ni je, litafika 20? Jibu ni 45 kati ya 90, yaani nusu kwa nusu. Gari ni lilelile, ila maswali ni mawili tofauti na majibu yake yako mbali kabisa.

Sasa rudi kwa jirani mwenye Harrier ya 2004. Yeye ni mmoja wa wale 45. Unamwona kwa sababu bado yupo barabarani. Wale waliokufa njiani huwaoni wakipita Morocco au Mwenge. Utawakuta Gerezani au Ilala, wamefumuliwa: milango huku, taa kule, injini zimepangwa chini zikisubiri wateja. Takwimu zetu za mtaani zinakusanywa barabarani, mahali ambapo ni walionusurika tu wanaoruhusiwa kujibu. Anayetaka kujua ukweli kuhusu Harrier akaongee na wauza spea pia. Hao wanajua kipi kinakufa mara nyingi, kwa sababu ndicho kinachowalisha.

Haifi, au inafufuliwa?

Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi la ile sentensi, na pia ndipo penye ukweli wake. Tunachanganya vitu viwili. Cha kwanza ni uimara: gari linakaa muda gani kabla ya kuharibika. Cha pili ni upatikanaji: kati ya siku zote za mwaka, ni ngapi gari liko tayari kutumika. Upatikanaji unapatikana kwa kugawa muda wa kufanya kazi kwa jumla ya muda wa kufanya kazi na muda wa matengenezo.

Tuchukue magari mawili ya kubuni. La kwanza linaharibika kila baada ya siku 180, lakini spea ipo Kariakoo na fundi analimaliza kwa siku 2. Upatikanaji wake ni 180 gawanya kwa 182, karibu asilimia 99. La pili ni imara mara nne, linaharibika kila baada ya siku 720. Bahati mbaya spea yake inaagizwa nje na inakaa siku 60. Hapo ni 720 gawanya kwa 780, kama asilimia 92. Gari dhaifu linaonekana barabarani kuliko gari imara! Mtu atasema la kwanza "halifi", kumbe linakufa kila miezi sita na kufufuliwa haraka.

Harrier kwetu inafaidika sana na hesabu hii. Inatumia injini zilizofungwa kwenye magari mengine mengi ya Toyota. Ile ya lita 2.4, inayoitwa 2AZ-FE, iko pia kwenye Camry, RAV4, Estima na Alphard. Fundi wa mtaani ameshaifungua mara nyingi, na spea za mtumba zimejaa. Hiyo ni sifa halali na ya thamani. Lakini ni sifa ya mafundi wetu na wauza spea wetu pamoja na chuma cha Toyota, na kila ufufuo unalipiwa na mwenye gari. Anayesema "haifi" haonyeshi risiti.

Kesi ya oili: gari au mwenye gari?

Kuna tukio la kweli linaloonyesha jinsi ilivyo vigumu kutenganisha gari na matunzo yake. Mwaka 2002 Toyota ilitangaza Marekani mpango maalumu uliohusu magari milioni 3.3 hivi ya Toyota na Lexus ya miaka ya 1997 hadi 2002, yenye injini ya V6 ya lita 3.0 au ya silinda nne ya lita 2.2. RX 300 ilikuwemo. Tatizo lilikuwa oili kuganda na kuwa kitu kama lami laini ndani ya injini. Kampuni ilisema chanzo ni watu kuchelewesha kumwaga oili. Wamiliki wengi wakabisha: mbona injini nyingine zinavumilia uzembe uleule? Suala likafika mahakamani na kuishia kwenye makubaliano. V6 hiyo ya lita 3.0 ndiyo ile 1MZ-FE iliyo kwenye Harrier nyingi za kizazi cha kwanza na baadhi za kizazi cha pili.

Kikemia jambo lenyewe si gumu. Oili ikikaa kwenye joto pamoja na oksijeni inaoksidika, na kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka zinakaribia kuongeza mwendo huo mara mbili. Molekuli zinaungana, oili inakuwa nzito, kisha inaacha uchafu kwenye njia nyembamba. Chujio la pampu likiziba, juu ya injini panabaki pakavu.

Sasa weka foleni ya Dar hapo. Tumezoea kumwaga oili kila kilomita 5,000. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 60 kwa saa linafikisha kilomita hizo kwa saa 83 hivi za injini kuwaka. Gari linalotambaa kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa linahitaji saa 333. Kilomita ni zilezile, ila oili imepikwa mara nne zaidi. Kwa hiyo "nilifanya sevisi kwa kilomita" inaweza kuwa kweli, na injini ikawa imeteseka hata hivyo.

Ile 2AZ-FE nayo ina historia yake. Marekani, Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari ya 2007 hadi 2009 yenye injini hiyo, Camry ikiwemo, kwa sababu yalikuwa yanakula oili. Dawa ilikuwa kubadilisha pistoni na ringi. Kwenye matoleo ya mwanzo, mafundi wanafahamu tatizo la nyuzi za bolti za silinda hedi kung'oka kwenye bloku ya aluminiamu. Ukiipasha joto, aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bolti, kwa hiyo kila injini inapochemka sana, nyuzi hizo zinavutwa. Injini ya V6 ya lita 3.5, 2GR-FE, ilikuja na bomba la oili lenye kipande cha mpira ambacho kinaweza kupasuka na kumwaga oili yote kwa muda mfupi. Baadaye kilibadilishwa na bomba la chuma tupu. Kama unaangalia Harrier ya lita 3.5, hilo bomba lazima uliulizie.

Kuyataja haya hakuifanyi Harrier kuwa gari baya. Kila injini ina ugonjwa wake. Ubaya unakuja pale sifa inapomfanya mnunuzi aone hakuna haja ya kuujua.

Anasa nayo ina hesabu

Harrier inapendwa kwa sababu ni gari la kifahari linalopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida mwenye mkopo. Lakini bei ya kununua inashuka kadiri gari linavyozeeka, wakati bei ya vipuri haishuki kwa mwendo huo. Na anasa maana yake ni vitu vingi zaidi vinavyoweza kuharibika.

Chukua vifaa ambavyo kila kimoja kina uhakika wa asilimia 99 kumaliza mwaka salama. Ukiwa na vifaa 20, uwezekano wa mwaka mzima kupita bila hata kimoja kugoma ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani kama asilimia 82. Ukiwa na 50 unashuka hadi asilimia 61 hivi. Kila kifaa peke yake ni kizuri sana, ila wingi wao unakumaliza. Baadhi ya matoleo ya kizazi cha pili yalikuja na sasupensheni ya hewa. Raha yake ni kubwa, lakini mifuko yake ya mpira haitofautishi Mjapani tajiri na mwalimu wa Tabata. Ikifika siku yake, inapasuka.

Namba D na karatasi ya mnada

Soko letu lina vipimo vyake, navyo vinahitaji kuhakikiwa. Cha kwanza ni herufi ya namba. "Namba D" au "namba E" inakwambia gari liliandikishwa lini Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini. Harrier ya 2005 inaweza kuwa na namba E na kupandishwa bei kwa hilo. Hata hivyo herufi hiyo si ya kudharau, kwani inakadiria gari limekula foleni na makorongo yetu kwa miaka mingapi. Ila isichukuliwe kama umri.

Hapa pia ndipo Harrier ya Nairobi na ya Dar zinapoachana. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8. Tanzania haina ukomo huo, inaongeza ushuru kwa magari yenye umri mkubwa. Kwa hiyo ushuhuda wa rafiki yako wa Nairobi unatoka kwenye kundi la magari yaliyoingia yakiwa machanga zaidi.

Cha pili ni karatasi ya mnada kutoka Japani. Daraja la 4 au 4.5 linatia moyo, na herufi R inaonya kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Lakini mkaguzi wa mnada anaangalia zaidi bodi na ndani ya gari, hafungui injini. Na kumbuka kwa nini gari liko mnadani. Japani ukaguzi wa lazima unakuja mwaka wa 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ni ghali. Mtu mwenye akili anauza kabla gharama kubwa haijafika. Injini ya 1MZ-FE inatumia taimingi belti, ambayo kwa desturi ya Japani hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikuta moja inauzwa ikiwa na kilomita 97,000, usishangilie. Huenda umeuziwa bili.

Mwanauchumi George Akerlof alilieleza hili mwaka 1970 kwa mfano huohuo wa magari ya mtumba: muuzaji anajua hali ya gari kuliko mnunuzi, na pengo hilo la taarifa ndilo linaloharibu soko. Kazi hiyo ilichangia kumpa Nobeli mwaka 2001. Sifa ya "haifi" inaziba pengo hilo kwa imani.

Hukumu

Je, Harrier inastahili sifa? Kwa kizazi cha kwanza na cha pili, ndiyo, kwa masharti. Ni gari lililojengwa vizuri, magonjwa yake yanajulikana, na mji wetu unajua kulitibu. Kwa kizazi cha tatu, sifa hiyo ilirithiwa kwa jina tu. Inabidi ithibitishwe upya, kuanzia kwenye CVT.

Ila sentensi yenyewe, "Harrier haifi", inafeli kama dai la kisayansi. Haitaji umri, haitaji injini, haitaji matunzo, na imekusanywa kwa walionusurika. Ibadilishe iwe swali: Harrier hii, ya mwaka huu, yenye injini hii, iliyotunzwa hivi, ina uwezekano gani wa kumaliza miaka 5 ijayo, na kwa gharama gani?

Majibu yake yako kwenye gari, hayako mdomoni kwa dalali. Nenda asubuhi ukute injini ikiwa ya baridi, uiwashe mwenyewe. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Fungua mfuniko wa oili, angalia kwa tochi kama chini yake kuna utando mzito mweusi. Fungua rejeta ikiwa imepoa: maji ya kahawia yanasema mtu alijaza ya bomba miaka mingi badala ya kulanti, na kutu imeshaanza kula ndani. Lipa fundi wako, asiye wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda moja moja, kisha apime gari kwa kompyuta. Akiona kumbukumbu zimefutwa karibuni, uliza kwa nini.

Halafu fanya hesabu moja ya mwisho, nayo haihitaji shahada. Kama bei ya gari inamaliza akiba yote pamoja na mkopo, hiyo Harrier bado hujaiweza. Umeweza kuinunua tu, kuimiliki ni jambo jingine. Ile ya jirani inayokwenda Moshi kila Desemba haiendi kwa sababu haifi. Inakwenda kwa sababu kuna mtu anailipia Januari hadi Novemba.